Nadhiri ya Mabati

Jumapili, 14 Septemba 1997

Mvua imekuja kabla ya wakati wake. Nyamusi, binti yangu, amerudi shuleni na kuniacha na daftari alilotumia kurasa tatu tu, nami sipendi kitu kizuri kiharibike, kwa hiyo nitaandika. Naandika Kiswahili. Kwetu ni Kisii, jirani zangu ni Wajaluo, na hapa Kosele Kiswahili ndicho kinachotukutanisha, kila mtu akikivunja kwa namna yake. Mume wangu Mokaya yuko Masara, kule Migori, anachimba dhahabu. Ni mwaka wa pili sasa, na dhahabu pekee niliyoiona ni jino la mwenye shimo lao alipopita hapa kunywa chai.

Jumanne, 16 Septemba

Siku ya soko. Tope hadi kifundoni. Hoteli yangu ndogo iko ukingoni mwa soko, na siku kama hii wateja huingia na nusu ya soko kwenye viatu. Lakini mimi nina paa. Anayenihuzunisha ni rafiki yangu Nyar Kendu, yaani binti wa Kendu kwa Kijaluo, ambaye huleta mbuta wa kukaushwa na omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, kutoka Kendu Bay. Mahali pake ni pale langoni, upande wa kushoto ukiingia. Mama mkwe wake aliuza samaki hapo mpaka akafa, naye amekaa hapo tangu akiwa bibi arusi. Wanawe wote wamelelewa na kile kipande cha ardhi kisichotosha hata kulaza ng'ombe. Leo alikuwa amefunika beseni kwa nailoni na kujiacha yeye mwenyewe alowe.

Gisiri, karani wa soko, alipita akikusanya zile shilingi tano tano za ushuru wa kaunsili. Ni Mkuria, kijana mpole, na ana deni kwangu la chapati.

Ijumaa, 19 Septemba

Mvua. Sukari imepanda.

Sabato, 27 Septemba

Leo Mungu ametukumbuka. Mzee Elkanah alisimama kanisani kwetu Waadventisti baada ya mahubiri. Huyu ndiye mtu wetu mkubwa hapa: duka la mabati na saruji ni lake, pampu ya petroli ni yake, mashine ya kusaga ni yake, na malori yake husomba mahindi hadi sijui wapi. Juu ya hayo ni mzee wa kanisa, na mwaka huu anagombea udiwani. Alisema moyo unamuuma kuona mama zake wakinyeshewa sokoni, na kwamba ataleta mabati, banda zima, kutoka langoni hadi mwisho. Kina mama walianza kulia. Mimi pia.

Kisha akasema jambo la busara, au ndivyo nilivyoliona. Alisema kitu cha bure hakina heshima. Kwa hiyo na sisi tutoe: kila mama atakayeketi chini ya mabati hayo alipe shilingi kumi badala ya tano, kwa moyo safi, bila kunung'unika, jinsi tunavyotoa zaka. Pasta akawaita wanawake wote wa soko wasimame na kuinua mkono wa kulia. Mimi nilikuwa wa kwanza kusimama. Orpah, kiongozi wetu wa kina mama, anayeuza mitumba na asiyewasha hata kiberiti siku ya Sabato, alisitasita kidogo nikamvuta kiwiko. Tukaapa. Kwetu sisi mkono ulioinuliwa kanisani si mchezo. Kuna mzee hapa aliyeapa kutokula nyama hadi kanisa liezekwe, akafa bila kuionja.

Alhamisi, 2 Oktoba

Walimu wamegoma. Nyamusi amerudi nyumbani na njaa ya watu wawili.

Jumapili, 12 Oktoba

Harambee. Mzee Elkanah mwenyewe ndiye mgeni rasmi, na mgeni njoo, mwenyeji apone. Lori lake liliingia likiwa limepambwa kwa migomba, mabati yakimetameta ingawa jua halikuwepo. Tuliimba mpaka sauti zikakauka. Nilipika kuku wanne na nikamnawisha mikono mimi mwenyewe.

Nyar Kendu ni Mkatoliki, hakuwepo siku ile ya nadhiri, lakini leo alikuja, akala, akacheza kuliko sisi. Tulipokuwa tukiosha sufuria akaniuliza, mabati yakishasimama, ardhi iliyo chini yake itakuwa ya nani? Nikamwambia hana shukrani. Akacheka akaniambia yeye ameuliza tu.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua, mvua, mvua. Redioni wanasema ina jina lake, la Kizungu. Shimo la akina Mokaya limejaa maji.

Jumanne, 28 Oktoba

Banda limekwisha na leo tumelikalia. Mvua ilipiga juu ya mabati na sisi tukiwa wakavu chini, na kwa saa nzima nilijisikia tajiri. Siku ya soko huwa naweka meza ya mandazi ndani, kwa hiyo nililipa kumi yangu nikamshukuru Mungu.

Halafu Gisiri akafika langoni. Nyar Kendu alikuwa pale pale pake, ila sasa pana paa. Akampa tano. Gisiri akasema ni kumi. Nyar Kendu akasema yeye hakuapa kitu, hakuomba mabati, na mahali hapa ni pake tangu enzi ya mama mkwe wake. Gisiri akamwomba sana. Akajibu kwa Kijaluo, “Ok achul,” silipi, halafu akaendelea kupanga samaki.

Walikuja askari wawili wa kaunsili. Walimbeba, mmoja kwapani na mwingine miguuni, wakamweka nje kwenye mvua. Akasimama, akajikung'uta, akaingia tena na kuketi. Wakambeba tena. Watu walicheka. Nami nilicheka kidogo, nikaona aibu baadaye. Nilimwambia alipe tu, kumi ni nini.

Jumanne, 4 Novemba

Wamembeba Nyar Kendu mara tatu. Amerudi mara tatu. Samaki hakuuza.

Alhamisi, 6 Novemba

Nikilala bila kuandika nitapasuka.

Gisiri alikuja jioni kula chapati kwa deni, na nikaona nimseme. Nilimuuliza kwa nini wanamtesa mwanamke wa watu kwa shilingi tano, na kama kaunsili ina njaa kiasi hicho. Alinitazama jinsi unavyomtazama mtoto aliyeuliza mvua hutoka wapi.

“Kaunsili?” akasema. “Mama Nyamusi, unafikiri hii kumi inaenda kaunsili? Kaunsili haijalipa sisi mshahara tangu Julai. Ni Mzee Elkanah analipa sisi. Kaunsili ilikopa yeye mafuta ya gari, ikakopa yeye mabati, ikashindwa kulipa. Sasa wamemwachia soko ajilipe.”

Nikamuuliza mabati gani.

“Si hii yenu? Ulidhani ni ya bure?”

Niliketi. Nikamwomba arudie, akarudia. Mabati yalitoka dukani kwa Mzee, Mzee akaiuzia kaunsili kwa bei aipendayo yeye, na sasa sisi ndio tunaolipa, kumi kumi kila siku ya soko, mpaka atakaposema deni limekwisha. Na ni nani atakayejua limekwisha? Ni yeye. Kwa hiyo siku ile ya harambee tulimwimbia mtu aliyekuja kutuuzia, na nikampikia kuku wanne juu yake.

Nikauliza, yeye Mzee, kwa duka lile, na pampu, na mashine, na malori ya mahindi, analipa kaunsili ngapi?

Gisiri alicheka mpaka chai ikamtoka puani. “Mzee? Mzee halipi. Hata leseni hana. Nani ataenda kumdai? Mimi? Na yeye ndiye analipa mimi?”

Kilichonimaliza si maneno yenyewe. Ni kwamba aliyasema kwa sauti, mdomo umejaa chapati. Kulikuwa na watu wawili wengine hotelini, mwenye mkokoteni na fundi wa baiskeli, na hakuna aliyegeuza kichwa. Nilidhani nimeambiwa siri. Kumbe nilikuwa mtu wa mwisho Kosele nzima kujua. Nilimgeukia mwenye mkokoteni nikamuuliza kama yeye alijua. Akasema, “Mama, mwenye nguvu mpishe.” Kisha akalipa chai yake, maana yeye hulipa kabla sijammiminia, ndiyo sheria yangu kwa watu wa mkokoteni.

Hapo ndipo niliposhtuka mara ya pili, na mara hii nilijishtukia mwenyewe. Mzee Elkanah amekunywa chai hapa kwangu miaka sita, na sijawahi kumtoza hata senti. Yeye hakuwahi kuniomba bure. Ni mimi niliyeona haya kumwambia mtu mkubwa kama yule alipe. Mwenye mkokoteni analipa kwanza, mwenye malori halipi kabisa, na aliyepanga hivyo ni mimi, Kezia, hapa jikoni pangu, bila kushurutishwa na kaunsili yoyote.

Sijui nitamtazamaje kanisani.

Sabato, 8 Novemba

Nilimtazama. Alisoma fungu la siku kwa sauti nzuri sana. Zaka yake ilikuwa bahasha nene kama kawaida. Nilikuwa najiambia labda Gisiri ametia chumvi.

Jumanne, 11 Novemba

Wamembeba. Amerudi. Leo sikuweza kucheka wala kutazama.

Jumanne, 18 Novemba

Barabara ya Kendu Bay imekatika. Nyar Kendu ametembea na omena kichwani, amefika saa sita, wakambeba kabla hajatua mzigo.

Alhamisi, 20 Novemba

Mzee Elkanah amekuja kunywa chai. Nilikuwa nimejipanga siku nyingi. Alipomaliza nikamwambia, Mzee, ni shilingi nane. Yeye hakukasirika hata kidogo. Alitoa noti ya mia mbili, akaiweka mezani, akasema zinazobaki nimlipie rafiki yangu ushuru.

Kwa hiyo anajua. Anamjua Nyar Kendu, anajua anabebwa, anajua ni rafiki yangu. Nikaketi mbele yake, nikamuuliza yote, kila kitu alichosema Gisiri, ila sikumtaja Gisiri. Nilitegemea akane. Nilitaka akane, kwa kweli, nipate kulala.

Hakukana. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemfunza mkwe jiko la nyumba.

“Dada Kezia, shule hii nani alijenga? Ni mimi. Daraja la kule chini? Ni mimi. Mtoto wa mjane akikosa karo anakwenda kaunsili, au anakuja kwangu? Sasa nikiipa kaunsili hizo pesa, wataziona wananchi? Zitaliwa. Zikikaa kwangu zinarudi kwenu.”

Nilibaki nikifuta meza iliyokwisha kufutika. Nilimwomba jambo moja tu, amwache Nyar Kendu na mahali pake.

“Hakuna shida,” akasema. “Aje aniombe.”

Akaondoka. Ile mia mbili nimeifungia kwenye kitambaa, sitaki kuigusa. Jibu limenijia sasa, saa ambayo halina kazi. Zikirudi kwetu, Mzee, tunapika kuku na kuimba na kukupa kura. Gisiri akitoa stakabadhi ya shilingi tano hakuna anayemwimbia, na hapaswi kuimbiwa, kwa sababu pesa hizo ni zetu. Ningemwambia hivyo. Lakini mimi ni mtu wa majibu ya kesho.

Jumapili, 23 Novemba

Nilimpelekea Nyar Kendu ule ujumbe, na ile mia mbili pia. Nilimbembeleza. Nilimwambia kuomba ni neno tu, aseme neno, watoto wapate kula. Alikuwa akitengeneza wavu wa kuanikia omena, hakuinua macho.

“Min Nyamusi,” akasema, akiniita mama wa Nyamusi kwa Kijaluo, “hapo si pake. Nikienda kuomba, siku hiyo hiyo patakuwa pake. Atanipa, na mwaka ujao atachukua.”

Mia mbili akanirudishia. Nilikuwa namwona mkaidi. Leo nimemwona ni mtu pekee hapa sokoni asiye na mkono wa Mzee shingoni.

Jumanne, 25 Novemba

Wamembeba. Amerudi.

Jumanne, 2 Desemba

Leo hawakumbeba. Leo walilichukua beseni.

Askari wapya, sijawahi kuwaona, vijana wa Mzee wenye fulana zenye picha yake ya kura. Walilibeba hadi barabarani wakalipindua. Mbuta aliowanunua kwa mkopo, wa kukaushwa vizuri, wenye rangi ya shaba, wakamwagika topeni. Lori la mahindi lilikuwa linatoka, lori la Mzee, na dereva hakupunguza mwendo. Lilipita juu yao. Ninaandika nililoliona kwa macho haya: lori lisilolipa chochote lilipita juu ya samaki wa mwanamke aliyekuwa na shilingi tano mkononi.

Nyar Kendu alikwenda akaanza kuokota vichwa. Nikaacha sufuria motoni, nikaenda kuokota naye. Hakuna aliyetoka chini ya mabati. Walikuwa wamekaa safu nzima, wakavu, wamenyamaza, kina mama niliowasimamisha mimi kwa mkono wangu. Nilipiga kelele nikawauliza wameona au hawakuona. Orpah akanijibu, machozi yakimtoka, “Tutafanya nini, Mama Nyamusi? Tuliapa.”

Hasira niliyonayo sijui niiweke wapi.

Sabato, 6 Desemba

Nimefanya. Baada ya mahubiri nilisimama bila kuitwa. Nilisema, mkono nilioinua hapa nilidhani namwinulia Mungu. Nimejua ulikokwenda. Leo naushusha.

Mzee Elkanah alikuwa kwenye kiti chake cha mbele akitazama mikono yake. Pasta akaniambia nadhiri si koti, mtu havai na kuvua hali ya hewa inapobadilika, na kwamba niliapa mbele za Mungu na wala si mbele ya mtu. Nikamuuliza kama Mungu anauza mabati. Hapo nilizidi, najua. Nilitoka peke yangu. Nilidhani hata mmoja angenifuata.

Jumanne, 9 Desemba

Nimelipa tano. Gisiri alikataa, nikaiweka juu ya kitabu chake. Walitubeba wawili, mimi na Nyar Kendu. Mimi ni mzito, walitua njiani kupumzika. Tulicheka sana kule topeni, Mungu anisamehe, tulicheka mpaka tukashikana.

Jumapili, 14 Desemba

Baraza la kanisa limenipa karipio la miezi mitatu. Siruhusiwi kuongoza wimbo wala kushika kazi yoyote ya kanisa. Aliyesoma barua ni Mzee Elkanah. Aliisoma kwa sauti ile ile nzuri. Orpah hanisalimii.

Jumanne, 16 Desemba

Wametubeba. Tumerudi.

Jumanne, 23 Desemba

Wametubeba. Mokaya amerudi kutoka Masara amekonda, mchanga umemwingia hadi kwenye kope. Shimo liliporomoka, bahati hakuwemo. Nilipomweleza ya Kosele alinisikiliza hadi mwisho, akasema kule ni hivyo hivyo: mwenye shimo huchukua magunia yake kwanza, wachimbaji hugawana kinachobaki, na akija bwana mkubwa wa serikali ni wachimbaji wanaochangishwa soda yake. Nikamuuliza mbona hakuwahi kuniambia. Akasema alidhani ninajua.

Jumatatu, 29 Desemba

Kura. Foleni ilianza alfajiri na mvua haikutuhurumia. Vijana wa fulana walikuwa wakigawa sukari nusu kilo nyuma ya kituo. Nilimwona Orpah akiipokea. Sukari ni sukari, simlaumu. Tulisimama saa nyingi, yeye mbele yangu watu watatu, hakugeuka.

Jumatano, 31 Desemba

Mzee Elkanah ameshinda, ni diwani. Ameshinda kwa kura za vijiji vya mbali, lakini wanasema sanduku la Kosele lilipofunguliwa pale ukumbini lilimwaibisha. Watu wa hapa walikula sukari yake na kumpa mwingine kura. Nimeduwaa. Sikujua. Watu wale wale waliokaa kimya chini ya mabati. Inaelekea karatasi ya kura haikuwa na nadhiri.

Sabato, 3 Januari 1998

Nimeketi nyuma, mahali pa waliokaripiwa. Pasta alikuwa ameanza kuhubiri juu ya mwaka mpya tuliposikia kelele kutoka sokoni. Mlio wa misumari ikichomolewa. Kwanza mmoja mmoja, kisha bati zima likaanguka chini kwa kishindo, na jingine, na jingine.

Wanawake waligeuka madirishani. Kutoka kanisani banda linaonekana vizuri. Vijana walikuwa juu ya paa wakilivua, na lori chini limeandikwa ubavuni jina la kaunsili, gari la kaunsili yenyewe, likipakiwa mabati. Siku ya Sabato. Sisi tusiochota hata maji siku hii, na mzee wetu wa kanisa ametuma watu wakafanye kazi mbele ya madirisha ya nyumba ya ibada.

Nilimtazama. Alikuwa kwenye kiti chake cha mbele na hakugeuza shingo. Alikuwa amefungua kitabu chake cha nyimbo kana kwamba anatafuta wimbo. Pasta aliongeza sauti. Bati likaanguka. Pasta akaongeza tena. Sijawahi kuona jambo kama hili maishani mwangu, mtu akihubiri amani kwa kushindana na nyundo.

Orpah akasimama. Nilidhani anakwenda kulia. Alitembea hadi mbele, akasimama mbele ya Mzee Elkanah, akamuuliza, si kwa ukali, “Mzee, ni wewe umewatuma?”

“Mabati ni yangu,” akasema Mzee Elkanah. “Kosele wamesema hawanitaki. Basi wakae na mvua yao.”

Orpah akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Akapita katikati ya safu, akafika nyuma nilipo, akaketi kando yangu. Alinishika mkono mpaka ibada ikaisha.

Jumanne, 6 Januari

Nguo zangu zote zimelowa lakini nataka kuandika kwanza.

Siku ya soko. Nguzo zimesimama tupu, na mvua imetunyeshea sote sawasawa, Waadventisti kwa Wakatoliki. Nyar Kendu amefika na beseni jipya la mkopo, akaketi langoni, mahali pake. Mimi nimeketi kando yake na mandazi yangu chini ya nailoni. Tulikuwa tunawasubiri askari watubebe.

Gisiri alifika na kitabu chake cha stakabadhi ndani ya shati, askari nyuma yake. Alianzia kwa Orpah, nadhani alitaka kuanza na aliye rahisi. Akamwomba kumi.

Orpah alisimama, akafuta maji usoni, akanena polepole ili wote wasikie. “Tuliapa kulipa kumi tukikaa chini ya mabati. Mimi siwezi kuvunja nadhiri. Nionyeshe mabati.”

Gisiri aliinua macho juu, mvua ikamwingia machoni. Askari nao wakatazama juu. Safu nzima ya wanawake wakaanza kuitikia, mmoja hadi mwingine, nionyeshe mabati, wala si kwa kelele, kama wanavyoitikia amina. Mzee Elkanah alikuwa ametufungua sote nadhiri kwa mkono wake mwenyewe, kwa hasira ya siku moja, na hata hakujua.

Mmoja wa askari alisogea kwa Nyar Kendu, kwa mazoea tu. Orpah akakaa mbele ya Nyar Kendu kumkinga. Akina mama wengine wakaja wakakaa, kwenye tope, kwa nguo zao, mpaka pale langoni hapakuwa na mahali pa askari kuweka mguu.

Ndipo Nyar Kendu akatoa shilingi tano.

“Kaunsili tunalipa,” akasema. “Hiyo hatujakataa. Kata stakabadhi, andika ni ya kaunsili. Usiandike ya mtu.”

“Na Mzee nitamwambia nini?” akauliza Gisiri. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

“Mwambie hana la kudai hapa,” akasema Nyar Kendu.

Mshahara wa Gisiri uko mfukoni mwa Mzee, sisi sote tunajua. Hata hivyo alitoa kitabu, akakikinga mvua kwa kifua, akaandika. Akamkatia Nyar Kendu, akamkatia Orpah, akanikatia mimi, tano, tano, tano, akaendelea hadi mwisho wa safu. Yangu imelowa na wino umetoka, lakini ninayo hapa mezani.

Hakuna aliyebebwa leo. Samaki wa Nyar Kendu walikwisha kabla ya saa tisa.

Jioni Mokaya ameniambia nisifurahi mapema. Wiki ijayo Mzee Elkanah anaapishwa udiwani kule ukumbini, na baada ya hapo kaunsili yenyewe itakuwa yake. Nimemuuliza jinsi wanavyoapishwa. Amesema husimama mbele ya watu wote na kuinua mkono wa kulia.

Nimewaambia Orpah na Nyar Kendu. Tumekubaliana tutafunga biashara siku hiyo, sokoni kote, twende tukamshuhudie.